Nani Mwenye Jina? Historia Fupi ya Kulangua Majina Mtandaoni



Kuna wazo linazunguka kati yetu tangu wiki chache zilizopita. Linasema hivi: vijana wenye simu wafungue akaunti nyingi kwenye Instagram, TikTok, Telegram na X, na kila akaunti waipe jina ambalo siku moja mtu atalitaka. Jina la kambi. Jina la soko. Jina la kwaya inayoanza kujulikana. Jina la mradi uliotangazwa lakini bado haujafunguliwa ukurasa. Halafu tunakaa, tunangoja. Mwenyewe akija kutafuta jina lake anakuta liko mkononi mwetu, anatuma pesa ya Momo, tunamwachia.

Tuseme ukweli, wazo lina utamu. Wengi wetu hatuna kibanja, hatuna duka, na mtaji wa kuanzia haupo. Jina la akaunti haliombi mtaji wala mdhamini, ni bando ya siku moja tu. Wengine kati yetu wanasema ni biashara kama nyingine, sawa na kununua mahindi wakati wa mavuno na kuyauza wakati wa njaa. Wengine wanasema ni wizi. Kabla ya kupiga kura Jumamosi, tulipewa kazi ya kutafuta historia: nani alianza, nani alifaidika, nani aliumia. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Wakati majina yalikuwa bure

Biashara hii haikuanza na akaunti. Ilianza na domeini, yaani anwani za tovuti, zile zinazoishia na .com, .org au .rw. Mpaka katikati ya mwaka 1995, kuandikisha jina la .com ilikuwa bure kabisa. Mtu aliomba, akapewa. Septemba 1995 ndipo kampuni iliyokuwa inaandikisha majina hayo Marekani, Network Solutions, ilianza kutoza dola 100 kwa miaka miwili. Kwa wenye macho ya mbele, dola 100 haikuwa kitu. Walikuwa wameshaona kwamba neno fupi la kawaida litakuwa na bei, kwa sababu neno ni moja na wanaolitaka ni wengi.

Mfano unaosimuliwa sana ni business.com. Mwaka 1997 jina hilo liliuzwa dola 150,000, watu wakacheka. Mwaka 1999 likauzwa tena, safari hii dola milioni 7.5. Hapo kila mtu akataka kuwa mlanguzi wa majina. Lakini mwaka uliofuata, 2000, bei za kampuni za intaneti zilianguka vibaya, na wengi waliokusanya majina wakabaki wanalipia ada ya kila mwaka kwa majina ambayo hakuna aliyeyauliza. Tunaosikia habari zao ni wale waliouza. Waliokaa na majina mia mpaka wakachoka, nani ataandika habari zao?

Je, jina ni mali? Swali hilo lilifika mahakamani Marekani. Mwanamume mmoja aliandikisha jina la tovuti mwaka 1994, jina lenyewe lilihusu mambo ya watu wazima. Mwaka 1995 mtu mwingine akatuma barua ya kughushi kwa Network Solutions, na kampuni ikampa jina bila kumuuliza mwenyewe. Kesi ilichukua miaka. Mwaka 2003 mahakama ya rufaa ikasema kwamba jina la domeini ni mali, linaweza kuibiwa, na aliyelitoa ovyo anaweza kudaiwa. Wanaotetea wazo letu wanaipenda kesi hii. Lakini tuikumbuke vizuri: inahusu domeini, jina lenye mkataba na ada. Habari ya akaunti tutaifikia.

Jina la Rwanda lilipokuwa nje ya Rwanda

Historia inayotugusa zaidi iko hapa hapa tunapoishi.

Kila nchi ina herufi mbili zake kwenye intaneti. Rwanda ni .rw, Burundi ni .bi, Kenya ni .ke, Tanzania ni .tz. Miaka ile ya mwanzo aliyekuwa anagawa herufi hizo ni Mmarekani mmoja, Jon Postel, na watu wachache aliofanya nao kazi. Hawakuwa wanasubiri serikali. Mtu akiomba herufi za nchi, akaonyesha kwamba ana ujuzi na mashine, na anaaminika, alipewa azisimamie. Nchi nyingi za Afrika wakati huo hazikuwa na habari hata kwamba kuna kitu cha kuomba.

Rwanda mwaka 1996 ilikuwa na mambo mengine ya kushughulikia. Ni miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Watu walikuwa wanarudi, wengine walikuwa wanakimbia. Vita vilikuwa vimeanza upande wa Kongo, na mwezi wa Desemba mwaka huo kambi ya Kiziba ilifunguliwa kule Kibuye, ambako wazazi wa baadhi yetu walipokelewa. Oktoba 1996, katikati ya hayo yote, .rw iliandikishwa. Usimamizi wake ukawa mikononi mwa mtu binafsi aliyekuwa Ulaya.

Kwa hiyo kwa miaka mingi, Mnyarwanda aliyetaka tovuti yenye jina la nchi yake alitakiwa kupitia nje ya nchi yake. Hakuna aliyevunja mlango wala kuiba kitu. Mtu aliwahi mapema tu, wakati wenye jina wako kwenye shida. Tuushike mfano huu vizuri, maana ndiyo sura halisi ya wazo letu: kuwahi jina la watu ambao bado hawajapata nafasi ya kulifikiria.

Kulirudisha haikuwa kazi ya siku moja. Mwaka 2005 watu wa intaneti wa Rwanda walianzisha chama chao, RICTA. Ilibidi waonyeshe kwamba wana ujuzi wa kuendesha mambo hapa Kigali, kwamba serikali inakubali, kwamba wanaotumia intaneti nchini wanawaunga mkono. Mwaka 2012 ndipo ICANN, taasisi inayosimamia mambo hayo duniani, iliruhusu .rw ihamie kwa RICTA. Hesabu wenyewe: kutoka 1996 mpaka 2012 ni miaka 16. Na hiyo ni nchi, yenye serikali, wanasheria na bendera. Kwaya ya kambini itaanzia wapi?

Kuna jambo lingine tulilolikuta ambalo lilitushangaza. Machi 1994 Postel aliandika mwongozo wa jinsi ya kusimamia majina hayo. Ndani yake alisema kwamba kuulizana habari za haki na umiliki wa majina ya nchi si jambo linalofaa. Kinachofaa kuulizwa ni wajibu na huduma kwa jamii. Kwa maneno yetu: usiulize jina ni la nani, uliza nani analitumikia. Rwanda ilipodai .rw, ilidai kwa msingi huo huo. Haikununua jina, ilionyesha kwamba wenye kulitumikia wako Kigali.

Zaire, jina lililokufa

Ndugu zetu wa Kongo wanajua kuliko wengine kwamba jina linaweza kuisha. Oktoba 1971 Mobutu alibadilisha jina la nchi kuwa Zaire, na mwaka uliofuata akawaamuru watu nao waache majina ya kizungu; yeye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Mei 1997 majeshi ya Laurent-Désiré Kabila yalipoingia Kinshasa, jina la Zaire likaondoka siku hiyo hiyo.

Kwenye intaneti Zaire ilikuwa na herufi zake, .zr. Herufi hizo hazikutoka kwa Mobutu wala kwa mtu mwingine, zilitoka kwenye orodha ya kimataifa ya alama za nchi. Nchi ilipobadilika jina, orodha ikabadilika, na mwaka huo huo wa 1997 Kongo ikapata .cd. Majina yaliyokuwa chini ya .zr yalipewa muda wa kuhama, halafu mwaka 2001 .zr ikafutwa kabisa. Aliyekuwa ameweka akiba ya majina mazuri ya .zr alibaki na nini? Hakubaki na chochote, kwa sababu thamani haikuwa ndani ya herufi. Ilikuwa kwa watu walioishi chini ya jina lile, na watu hao walikuwa wamehama.

Walioliuza jina lao wenyewe

Tusiseme kwamba kupata pesa kwa jina ni dhambi kila mara. Kuna visiwa vidogo vya Tuvalu, kwenye bahari ya Pasifiki. Bahati yao herufi zao ni .tv, na vituo vya televisheni dunia nzima vinazitaka. Mwaka 2000 serikali ya Tuvalu ilifanya mkataba na kampuni ya Marekani wa dola milioni 50 kulipwa kidogo kidogo, na pesa hizo zikaisaidia nchi kujiunga na Umoja wa Mataifa Septemba mwaka huo huo. Lakini angalia tofauti. Waliouza ni wenye jina, waliamua kupitia serikali yao, na pesa ikaingia kwa wote. Hakuna jirani aliyewahi usiku.

Na pale ambapo watu hawakukubaliana nani ni mwenye jina, mambo yalichelewa sana. ICANN ilipofungua maombi ya majina mapya mwaka 2012, ada ya kuomba jina moja ilikuwa dola 185,000, na waombaji wawili walitaka .africa: DotConnectAfrica, iliyokuwa na shughuli zake Nairobi, na ZACR ya Afrika Kusini iliyoungwa mkono na Kamisheni ya Umoja wa Afrika. Sheria ilidai jina la bara liungwe mkono na angalau asilimia 60 ya serikali zake. Malalamiko na kesi vilifuatana mpaka mwaka 2017 ndipo .africa ikaanza kufanya kazi, mikononi mwa ZACR. Hata huko, pesa peke yake haikutosha. Swali lilirudi pale pale: watu wa jina hili wamemtuma nani?

Akaunti si domeini

Sasa tuje kwenye akaunti zetu. Tarehe 13 Juni 2009 Facebook iliruhusu watu kujichagulia majina ya anwani zao. Huku kwetu ilikuwa saa kumi na mbili na dakika moja asubuhi. Katika dakika 15 za kwanza majina kama nusu milioni yalikuwa yameshachukuliwa. Tangu hapo kila mtandao mpya ukifunguliwa kuna watu wanaokimbilia majina mafupi, majina ya miji, majina ya watu maarufu.

Lakini jina la akaunti ni nini hasa? Ni mstari mmoja kwenye daftari la kampuni. Ulipobonyeza kukubali masharti, ulikubali kwamba daftari ni lao. Instagram inakataza kuuza au kununua akaunti na jina lake. TikTok inasema akaunti ikikaa siku 180 bila kutumiwa, jina linaweza kuondolewa na kubadilishwa kuwa namba tu. Wazo letu lote ni kukaa na kungoja, na kungoja ndiko kunakopoteza jina.

Hata asiyengoja hana uhakika. Julai 2023 Twitter ilipoitwa X, jina la @x lilikuwa la mpiga picha mmoja wa San Francisco aliyekuwa nalo kwa miaka mingi. Kampuni ililichukua bila kumlipa hata dola moja. Ilimwahidi zawadi za kampuni na kutembezwa ofisini. Hakuwa na pa kushtaki.

Telegram ndiyo iliyofanya tofauti. Mwaka 2022 ilifungua mnada wa majina, na jina @news likauzwa kwa zaidi ya dola milioni moja. Habari hiyo ndiyo inayosambazwa kwenye makundi ya vijana kama ushahidi kwamba njia iko wazi. Lakini mnada ule ulianzishwa na wenye daftari wenyewe, na wanunuzi walilipa kwa sarafu za kidijitali ambazo bei yake inapanda na kushuka kila siku. Jina la kambi yetu si @news.

Damu iliyomwagika juu ya jina

Wenye majina mazuri hawalali vizuri. Januari 2014 Mjapani mmoja aliyeishi Marekani, Naoki Hiroshima, aliyekuwa na jina la herufi moja, @N, alieleza jinsi alivyonyang'anywa. Aliwahi kuahidiwa dola 50,000 akakataa. Mwizi akawadanganya watu wa huduma kwa simu, akateka tovuti zake, akamwambia: nipe jina au naharibu kila kitu. Alitoa. Alirudishiwa baadaye, baada ya dunia nzima kusikia kelele zake. Je, dunia itasikia kelele za kijana wa Mahama?

Julai 2020 vijana wachache waliingia ndani ya mitambo ya Twitter na kugusa akaunti 130, pamoja na ya Barack Obama na Bill Gates. Watu wengi wanakumbuka utapeli wa Bitcoin. Wanachosahau ni kwamba siku ile ilianza na kuuza majina mafupi ya akaunti.

Na kuna kifo. Aprili 2020, mzee wa miaka 60 aliyeishi jimbo la Tennessee alikuwa na jina la @Tennessee. Walanguzi walilitaka, akakataa kuliuza. Wakapiga simu ya uongo kwa polisi wakisema kuna mauaji nyumbani kwake. Polisi wakaja na silaha, mzee akatoka nje mikono juu, moyo ukasimama. Kijana mmoja aliyehusika alifungwa miaka mitano. Jina lenyewe lilikuwa jina la mahali tu, kama Kiziba, kama Mahama, kama Nyamirambo.

Nani atanunua jina la kambi?

Hili ndilo swali ambalo waliotoa wazo hawajalijibu. Tuseme tumekamata majina ya kambi zote. Mnunuzi ni nani?

Kamati ya kambi haina bajeti ya kununua jina. Shirika kubwa haliwezi kutuma Momo kwa kijana asiyejulikana. Litaongeza neno moja mbele ya jina na kuendelea. Kwaya itaongeza namba mwishoni. Anayebaki ni mmoja, na sisi tunaojitolea kambini tunamjua kwa kazi zake. Ni yule anayehitaji jina ambalo mama wa kambini ataliamini bila kuuliza. Anaweka nembo, anaandika kwamba majina ya kwenda Kanada yametoka, anaomba ada ya fomu. UNHCR inasema kila siku kwamba huduma zake ni bure na kuhamishiwa nchi nyingine hakulipiwi. Lakini ujumbe ukitoka kwenye ukurasa wenye jina la kambi, safi, bila namba, bila neno la ziada, mtu aliyengoja miaka 20 atasoma kwa moyo, si kwa macho.

Huyo ndiye atakayetoa bei nzuri. Na hatauliza risiti.

Tunachopendekeza

Kwa hiyo sisi tuliotumwa kutafuta historia tunaomba wazo likataliwe kama lilivyo, na mahali pake tufanye mambo manne.

Kwanza, kila mwenye kipaji aandikishe jina lake mwenyewe leo, lile lile kwenye mitandao yote, na alitumie angalau kila mwezi. Msanii, fundi wa nywele, mshonaji, mchezaji. Kuwahi jina lako si ulanguzi.

Pili, majina ya kambi yaliyo wazi tuyachukue, ndiyo, lakini kwa kuyatunza. Kwenye maelezo tuandike wazi kwamba ukurasa unatunzwa na vijana na si wa shirika lolote. Kamati ya kambi ikilitaka jina lake, inakabidhiwa siku hiyo hiyo, bure.

Tatu, jina lolote la kundi lisikae kwenye simu ya mtu mmoja. Wasimamizi wawe watatu, angalau mmoja dada, uthibitisho wa hatua mbili uwashwe, na namba ya kurejesha akaunti iwe inayofanya kazi, siyo SIM iliyokwisha kutupwa.

Nne, tuwe na daftari la karatasi la majina ya kweli ya kurasa za kambi na makundi yetu, libandikwe ambapo watu wanachota maji na wanapopokelea huduma, ili asiye na simu naye ajue ukurasa upi ni wetu na upi ni wa kukimbia.

Wanaotaka pesa hatuwazuii. Ukurasa wenye watu elfu mbili wanaouamini unaweza kutangaza saluni, duka la simu, mashindano ya mpira, na ukalipwa kila mwezi. Hiyo inachukua kazi, lakini hakuna atakayeamka usiku kukunyang'anya, na hakuna mama atakayelia kwa sababu yako.

Kura ni Jumamosi saa tisa mchana. Mwenye historia nyingine inayopinga hii yetu, aje nayo, tutaisoma mbele ya wote kabla ya kuhesabu mikono.